Kumkadiria kindi umri: hatua kwa hatua, tangu mtoto wa kiotani hadi mzee wa bustani

Anayemtazama kindi kila siku dirishani hachelewi kujiuliza: huyu ana umri gani? Jibu linategemea jambo moja, yaani kindi mwenyewe bado ni mdogo kiasi gani. Mtoto wa wiki tatu unaweza kumkadiria ukakosea kwa siku chache tu. Wa miezi minne utajua kwamba ni wa mwaka huu. Akishapita mwaka na nusu, macho peke yake hayakuambii kama ana miaka miwili au saba, na anayedai kujua kwa kumtazama tu anabahatisha. Hatua zilizo hapa chini zinafuata ukweli huo: tunaanza kwa mdogo, ambaye dalili zake ni nyingi, na tunamalizia kwa mkubwa, ambaye siri yake iko ndani ya meno.

Mfano wangu ni kindi wa kijivu wa Amerika Kaskazini. Ndiye aliyechunguzwa sana, na ndiye ambaye Waswahili wengi walioko Marekani, Kanada na Uingereza humkuta kila siku uani. Asili yake ni misitu ya mashariki ya Marekani na kusini mwa Kanada. Uingereza alipelekwa na watu. Waliofunguliwa Henbury, Cheshire, mwaka 1876 ni miongoni mwa wa kwanza kuandikwa. Hata Cape Town yupo, na aliyempeleka huko ni Cecil Rhodes.

Hatua ya kwanza: jua anaishi muda gani

Utasoma mahali kwamba kindi huishi mwaka mmoja, pengine utakuta sita, pengine ishirini. Namba zote hizo zinaweza kuwa sahihi, kwa sababu kila moja inajibu swali lake.

Ukihesabu tangu kuzaliwa, wastani ni mwaka mmoja hadi miwili. Ni mdogo hivyo kwa sababu karibu robo tatu ya watoto hufa kabla ya kutimiza mwaka. Anayeuvuka mwaka huo wa kwanza anakuwa na nafasi nzuri ya kufika miaka mitano au sita. Porini, mkubwa kuliko wote wanaojulikana katika jamii hii alifika miaka 12 na nusu. Katika kifungo, penye chakula cha uhakika na pasipo mwewe wala gari, wapo waliopita miaka 20.

Ndugu zake hawako mbali sana. Kindi mwekundu wa Ulaya akifika miaka sita au saba porini ni mzee. Kindi-mbweha wa Marekani, ambaye ni mkubwa zaidi kwa mwili, jike lake limewahi kufika miaka 12 porini.

Ni nini kinachowamaliza wadogo? Hasa ni kule kuhama. Mtoto akiacha kunyonya hutafuta eneo lake mwenyewe, na kipindi hicho hajui njia, hajui mti wenye tundu zuri, wala hajaweka akiba ya kutosha. Magari, mwewe, mbweha na paka wa majumbani humpata akiwa hapo. Halafu kuna mwaloni. Mti huu hauzai sawasawa kila mwaka: mwaka mmoja ardhi inajaa mbegu, mwaka unaofuata ni chache mno. Kindi aliyezaliwa kabla ya mwaka wa njaa ana bahati mbaya isiyotokana na kosa lake lolote. Baridi nayo huleta upele, unaosababishwa na utitiri wa ngozi na kumnyofoa manyoya wakati ule ule anapoyahitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Chukua hesabu hizi kama msingi wa kila kisio. Kindi mzima asiye na alama yoyote ya pekee, aliyepita mbele yako uani, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na mwaka mmoja, miwili au mitatu kuliko kuwa na minane.

Hatua ya pili: tazama kalenda kabla ya kumtazama kindi

Hatua hii watu huiruka, nami naiona ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa mtu asiye na kifaa chochote.

Kindi wa kijivu ana misimu miwili ya kuzaa. Mimba hukaa siku 44 hivi. Wanaopandana katikati ya majira ya baridi huzaa Februari na Machi, na wanaopandana mwanzoni mwa kiangazi huzaa Julai na Agosti. Kaskazini ya mbali tarehe husogea mbele kidogo, na mwaka mgumu msimu mmoja huweza kupotea kabisa. Uzao mmoja kwa kawaida una watoto wawili hadi wanne.

Kwa hiyo mwezi peke yake unakupunguzia majibu. Ukimwona kindi mdogo mwenye mkia mwembamba mwezi Mei, huyo ni wa Machi, ana wiki nane hadi kumi. Ukimwona wa namna hiyo hiyo Oktoba mwanzoni, ni wa mwisho wa Julai au Agosti. Ukimwona Januari aliyefikia umbo la mkubwa lakini mwili bado ni mwembamba, basi ama ni wa kiangazi kilichopita, mwenye miezi mitano au sita, ama ni wa masika yaliyotangulia na ana miezi kumi. Hapo ndipo dalili za mwili zinapohitajika.

Hatua ya tatu: mtoto aliyeanguka

Baada ya upepo mkali au mti kukatwa, watoto huonekana chini. Vaa glovu au tumia kitambaa, mtie mahali pa joto kwanza, kisha ndipo umkague. Mtoto aliyepoa hufa wakati watu wanamhesabia wiki.

Mpangilio wa kukagua ni huu: macho, masikio, meno ya mbele, manyoya, mkia. Mizani iwe ya mwisho. Nasisitiza hilo kwa sababu mtoto aliyekaa na njaa siku mbili huwa na uzito wa mdogo wake wa wiki nzima, na anayetegemea gramu atamdhania mchanga kuliko alivyo. Macho na meno hayarudi nyuma kwa njaa.

*Siku ya kuzaliwa hadi wiki moja.* Mwekundu wa waridi, hana unyoya mwilini isipokuwa nywele laini za sharubu puani. Macho yamefungwa, masikio yamelala na kushikamana na kichwa. Siku ya kwanza ana gramu 13 hadi 18. Hapa ndipo watu humchanganya na mtoto wa panya. Angalia pua butu, mikono mikubwa yenye kucha na mkia mrefu.

*Wiki ya pili.* Waridi huanza kufifia. Kichwa na mgongo vinageuka kijivu chini ya ngozi, kwa kuwa manyoya yanakuja kabla hayajatokeza. Ukimpitishia kidole mgongoni unahisi malaika laini. Tumbo bado ni tupu kabisa.

*Wiki ya tatu.* Mgongo una manyoya mafupi yanayong'aa. Kati ya siku ya 19 na 21 meno mawili ya chini ya mbele hutoboa ufizi. Hii ni alama ya kuaminika sana: funua mdomo wa chini taratibu, ukiona ncha mbili nyeupe na macho bado yamefungwa, uko wiki ya tatu au ya nne. Masikio nayo yanasimama na kufunguka karibu na wakati huo.

*Wiki ya nne hadi ya tano.* Macho yanafunguka. Wengi hufungua kati ya siku ya 28 na 35, na jicho moja huweza kutangulia jingine. Siku za mwanzo jicho huwa jembamba kama mtu aliyeamka usingizini, na mtoto bado hafuati kitu kwa macho. Akikutazama moja kwa moja na kushtuka, ameshavuka wiki ya tano.

*Wiki ya tano hadi ya sita.* Meno ya juu ya mbele yanatokeza. Kwa hiyo mtoto mwenye macho wazi na meno ya chini tu ni mdogo kuliko mwenye meno juu na chini. Manyoya yamefunika hata tumbo, lakini mkia bado umelala, nywele zake fupi zimebana kwenye mfupa.

*Wiki ya saba hadi ya nane.* Magego yanatoka, mkia unaanza kujaa, na mtoto anatoka mlangoni mwa kiota kwa mara ya kwanza. Anatafunatafuna magome na majani lakini bado ananyonya.

*Wiki ya tisa hadi ya kumi na mbili.* Mkia unabebwa juu ya mgongo, anakula mbegu ngumu, anaogopa watu. Kunyonya kunakoma ndani ya kipindi hiki. Umbo la mkubwa kamili hulipata akiwa na miezi minane au tisa.

Umri ukishaupata, unakuelekeza la kufanya. Aliye chini ya wiki ya nane, asiye na jeraha, bado mama yake anamtaka. Mweke kwenye kisanduku kisicho na kifuniko, chini ya mti ule ule, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, kisha ondoka wewe pamoja na mbwa na paka. Mama huja na kumbeba kwa mdomo, mmoja mmoja, hadi kiota cha akiba. Kindi ni mnyama wa mchana, kwa hiyo akipitisha hadi magharibi bila kuja, mtoto asilale nje. Usimpe maziwa ya ng'ombe. Humharisha na huweza kumuua. Aliyeng'atwa na paka, aliye baridi kabisa au mwenye mayai ya nzi mwilini apelekwe kwa mtu mwenye kibali cha kutunza wanyamapori. Wa wiki kumi na zaidi, mwenye mkia uliojaa na anayekukimbia, ameshajitegemea. Muache.

Tazama pia sheria ya ulipo. Majimbo mengi ya Marekani hayaruhusu mtu asiye na kibali kumfuga kindi wa porini. Uingereza, kindi wa kijivu akishakamatwa ni kosa kisheria kumwachia tena, kwa kuwa anahesabiwa mnyama vamizi anayemdhuru kindi mwekundu wa asili.

Hatua ya nne: kindi anayekimbia mbele yako

Kwa mbali, tumia darubini na uweke madaraja mawili tu: wa mwaka huu, au mkubwa. Usijaribu zaidi ya hapo.

Mdogo ana kichwa kinachoonekana kikubwa kuliko mwili, miguu mirefu na mkia usiojaa pembeni. Hatembei mbali na mti wa kiota, huwa pamoja na ndugu zake, na akiruka tawi hukosea mara kwa mara. Mkubwa ana shingo nene, mashavu mapana na mkia mpana wenye ukingo mweupe. Masikio yenye makovu na mkia uliopungua vinaonyesha kwamba amepigana, lakini havina hesabu ya miaka: dume la mwaka mmoja laweza kuchanwa sikio msimu wake wa kwanza wa kupandana.

Ushahidi mzuri wa ugumu huu uko New York. Oktoba 2018 watu wa kujitolea walihesabu kindi wa Central Park na kuandika matukio 3,023 ya kuwaona. Katika fomu yao umri ulikuwa na majibu mawili tu, mkubwa au mdogo. Waliotajwa kuwa wakubwa walipita 2,500. Waliotajwa kuwa wadogo walikuwa mia tatu na kidogo, na kwa wengine zaidi ya mia moja nafasi hiyo ilibaki wazi. Ukikumbuka kalenda ya hatua ya pili utaona tatizo. Oktoba, wale wa Machi wana miezi saba na wanakaribia kulingana na wazazi wao kwa umbo. Kwa macho ya mpita njia wanaingia kundi la wakubwa. Wanaoonekana wadogo ni wale wa kiangazi tu. Namba hizo si za kubezwa, ila zisomwe hivyo.

Hatua ya tano: kindi aliyekufa, au aliye mkononi mwa mtaalamu

Hapa unapata madaraja matatu: wa miezi michache, wa chini ya mwaka, na mkubwa. Usimkamate kindi mzima kwa mikono ili kumkagua. Meno yake hupasua ganda la jozi.

Anza na mkia, upande wa chini. Kwa mdogo, nywele zilizo kando ya mfupa wa mkia ni fupi, na mistari myeusi inayokwenda sambamba na mfupa inaonekana wazi, hasa theluthi ya karibu na mwili. Kadiri anavyokua, nywele ndefu zinaifunika mistari hiyo hadi inapotea. Wawindaji na maofisa wa wanyamapori wa Marekani wameitumia mbinu hii kwa miongo mingi, kwa sababu mkia wa kindi aliyewindwa hukaa bila kuoza upesi. Baada ya kubadilisha manyoya ya utu uzima haisemi tena kitu.

Kisha tazama viungo vya uzazi. Jike ana chuchu nane. Ambaye hajazaa, chuchu ni ndogo sana, za rangi ya ngozi, zimefichwa na manyoya. Aliyewahi kunyonyesha, chuchu zimerefuka na ncha zimekuwa nyeusi, na hazirudi kuwa kama za mwanzo. Kwa kuwa majike wengi huzaa mara ya kwanza wakiwa na mwaka mmoja na zaidi, chuchu nyeusi zinakuambia amevuka hapo. Dume mdogo ana korodani zilizo bado ndani ya tumbo na ngozi yenye manyoya. Aliyekomaa ana mfuko mkubwa, mweusi, uliopotewa na manyoya upande wa nyuma. Dume hukomaa akiwa na miezi kumi au kumi na mmoja. Tahadhari: nje ya msimu korodani husinyaa hata kwa mkubwa, kwa hiyo angalia rangi na upara wa ngozi, si ukubwa peke yake.

Wenye mashine ya eksirei hutazama mifupa ya mkono karibu na kifundo. Palipo na ufa mweusi kati ya ncha na mfupa, gegedu bado linakua. Ufa ukishafungwa, ukuaji umekwisha.

Hatua ya sita: maabara, panapohesabiwa miaka yenyewe

Njia ya kwanza ni lenzi ya jicho. Lenzi huendelea kuongezeka maisha yote ya mnyama na haipotezi kitu. Mwaka 1959 mtafiti Rexford Lord alionyesha kwa sungura wa Marekani kwamba lenzi ikihifadhiwa kwa fomalini, ikakaushwa kwenye tanuri na kupimwa, uzito wake hueleza umri. Baadaye ikatumiwa kwa kindi. Inatenganisha wa mwaka huu na wakubwa vizuri sana. Kwa wakubwa wenyewe, ongezeko la mwaka kwa mwaka ni dogo kiasi kwamba wa mitatu na wa minne hugongana.

Ya pili ndiyo bora: mizizi ya magego. Usichukue meno ya mbele, kwa sababu hayo huota na kulika maisha yote na hayabaki na kumbukumbu ya mwaka uliopita. Gego halioti tena. Saruji ya jino, yaani kitu kigumu kinachoushika mzizi wake mfupani, huongezeka tabaka kwa tabaka, na kila majira ya baridi ukuaji unapopungua hubaki mstari mweusi. Jino linalainishwa kwa asidi ili chokaa itoke, linakatwa vipande vyembamba, linatiwa rangi, halafu mistari inahesabiwa chini ya hadubini. Mistari minne ni baridi nne. Ongeza miezi tangu baridi ya mwisho, linganisha na misimu miwili ya kuzaliwa, na unapata umri wa kuaminika.

Magego hayo hayo huonyesha uzee hata bila hadubini: vilele vyake hulika hadi uso wa jino unakuwa bapa. Kindi aliyefika hapo hutafuna kwa shida, na hudhoofika hata mbegu zikiwa tele.

Njia isiyohitaji kisio ni kumwekea alama angali kiotani. Huko Yukon, Kanada, mradi wa Kluane umekuwa ukifanya hivyo tangu 1987 kwa kindi wekundu wa Amerika: watafiti hupanda hadi kwenye kiota, huwavalisha watoto hereni ndogo za chuma wakiwa na siku 25 hivi, kisha huwafuatilia mwaka hadi mwaka hadi kufa. Wanajua siku ya kuzaliwa, mama, na eneo. Bila kazi ya namna hiyo, mbinu zote za hatua ya tano zisingekuwa na cha kupimwa nacho.

Hatua ya saba: andika kisio lako vizuri

Andika tarehe, mahali, dalili uliyoiona, kisha umri kama masafa. Kwa mfano: “12 Oktoba, macho wazi, meno juu na chini, mkia haujajaa: wiki 6 hadi 7, amezaliwa mwisho wa Agosti.” Au: “Jike, chuchu nyeusi: zaidi ya mwaka mmoja.” Dalili ikiandikwa, mwingine anaweza kukusahihisha. Ukiandika “miaka mitatu” peke yake, hana pa kuanzia.

Kwa aliyeko Afrika Mashariki

Kindi wa kwetu, akina kindi wa vichakani wanaoruka kwenye miti ya bustani za Kenya na Tanzania, kindi wa jua wa pwani na Zanzibar, na kindi wa ardhini wa nyika kavu, ni wa jamii nyingine. Mfuatano wa ukuaji unabaki ule ule: ngozi tupu, malaika, macho, mkia. Chuchu na korodani pia husomwa vilevile. Lakini siku za wiki ulizosoma hapo juu usiwahamishie, wala kalenda ya Machi na Agosti, kwa kuwa huku hakuna baridi kali inayofunga uzazi. Mistari ya magego nayo haina majira ya baridi ya kuiandika. Anzia kwa madaraja mawili ya hatua ya nne, na weka kumbukumbu ya tarehe unazowaona wadogo pamoja na mvua zilizotangulia. Ukiwa na kumbukumbu hizo kwa misimu kadhaa kwenye mti mmoja, utakuwa umejitengenezea kalenda ya hapo hapo ulipo.